Alivyosema Daktari

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Julai. Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Maji niliyoyaacha kwenye beseni nje ya dirisha yaliganda juu, nikayagonga kwa kijiko yakavunjika kama kioo. Saa nne jua likatoka, jua la huku la majira haya, jeupe, la kumulika tu bila kupasha. Upepo haukuwepo.

Naandika leo leo, kabla sijaanza kujitengenezea maneno. Nikingoja mpaka kesho najijua, nitakuta nimejipa haki ambayo sina.

Binti yangu anatimiza miaka kumi na minane mwezi ujao. Ndiye mtoto wangu wa pekee. Amezaliwa humu humu Johannesburg, anamaliza shule mwaka huu, na mwakani, Mungu akipenda, anaondoka kwenda kusomea uuguzi mji mwingine, akakae na wasichana asiowajua. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Nilikuwa nikimtazama naona bado mtoto. Kikombe cha chai anakiacha pale pale alipokinywea. Kuku hawezi kumpasua, anafumba macho na kuniachia kisu. Akisikia watu wanagombana ghorofa ya chini anaongeza sauti ya redio. Nikawa nasema moyoni, huyu akitoka mlango huu watu watamfanya watakavyo, na kosa litakuwa langu.

Maana kweli sikumfunda. Kwetu Tanga msichana akivunja ungo anakabidhiwa kwa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, ili amwambie yale ambayo mama na binti wanaoneana haya kuambiana. Anawekwa ndani, anafundishwa mwili wake, watu, nyumba. Anachekwa, anatukanwa kwa makusudi ili azoee, halafu anatolewa. Mimi nilifanyiwa. Binti yangu alipovunja ungo tulikuwa hapa hapa Doornfontein, vyumba viwili ghorofa ya tano, na mimi nina sketi za sare za shule za kumaliza. Nilimpa pakiti ya pedi na maneno mawili, nikarudi kwenye cherehani. Jambo hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Basi nikaona kabla hajaondoka nimtafutie somo, hata kwa kuchelewa. Yuko mama mmoja wa Unguja anayesuka nywele chini ya jengo letu, mlango wa pili kutoka karakana ninaposhona. Amewafunda wasichana kadhaa wa watu wa pwani wanaokaa mjini huku. Alinikubalia kwa masharti matatu: niandae pilau ya kuku, msichana akae chini kwenye mkeka, na simu zizimwe, "yake na yako, shoga, maana wewe ndiye mbaya zaidi."

Lipo na jambo la pili, lazima niliseme hapa, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Jumatatu nina miadi hospitali.

Miaka minane iliyopita nilishika mimba ya pili, ikatunga nje ya mahali pake, nikapasuliwa. Mume wangu alikuwa safarini na gari la kazini, simu yake haipatikani, nikaenda na binti yangu akiwa na miaka kumi. Kiingereza changu ni cha kuuzia sketi. Kizulu changu ni cha kupandia teksi. Hospitalini, mwanzo mpaka mwisho, yule mtoto ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Baada ya kupasuliwa daktari alikuja kitandani akasema maneno mengi, na binti yangu akanigeuzia kwa Kiswahili: "Daktari anasema upumzike, ule vizuri, mtoto mwingine atakuja wakati wake."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka minane. Mwezi ukipita bila kitu, nayakumbuka. Nguo ndogo ziko juu ya kabati ndani ya mfuko, nazianika kila joto linapoanza zisishike harufu. Mizizi mume wangu ananiletea kutoka Newtown, kwa bibi mmoja muuza dawa. Nachemsha, naweka kwenye chupa, nakunywa kikombe kimoja asubuhi kabla ya chai. Na nikivunjika moyo nilikuwa nikimwambia binti yangu, "Hebu niambie tena alivyosema daktari." Naye ananiambia. Hajawahi kukosea hata neno.

Sasa nina miaka arobaini na moja. Nesi wa kliniki akaniandikia barua niende nikaonwe na madaktari wa uzazi. Alhamisi nikamwambia binti yangu, "Jumatatu usipange kitu. Tunakwenda hospitali. Nataka umuulize daktari, waliniambia atakuja, mbona mpaka leo?"

Alikuwa anapiga viatu rangi. Mkono ukasimama. Akasema, "Sharp, mama," ndiyo sawa ya watoto wa huku, akaendelea kupiga kiatu kile kile ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Nikadhani hataki kupoteza siku ya likizo.

Somo alifika leo saa tano, kajifunga kanga mbili juu ya koti zito, miguuni soksi ndefu za mchezaji mpira. Kabla hajaketi akamtazama binti yangu juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mwali? Mbona mrefu hivi? Shoga, ulikuwa unamtia mbolea?"

"Shikamoo, somo," binti yangu akasema. Nilikuwa nimemfundisha asubuhi.

"Marahaba. Kaa chini. Si hivyo, hivyo unakaa kama unasubiri basi. Kunja miguu."

Akakunja. Magoti yakalia. Akacheka, na somo akacheka naye, na mimi nikapumua, maana nilikuwa nimeogopa atakataa na kuniaibisha.

Mimi nilikuwa kwenye kona ya jiko nakaanga vitunguu. Desturi inasema mama asiwepo, lakini kwa vyumba viwili utakwenda wapi na pilau iko motoni. Somo mwenyewe aliniambia, "Geuza mgongo, jifanye uko Tanga." Kwa hiyo niliyasikia yote.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa ya mambo ya mwili, siyaandiki. Niseme tu kwamba kila alichokianza somo, binti yangu alikuwa akikimalizia.

"Hayo tulifundishwa grade ya saba, somo. Na picha tulionyeshwa."

"Picha za nani?"

"Za mtu wa kuchora tu."

"Mtu wa kuchora hana tabia," somo akasema. "Mimi nakwambia habari za wenye tabia."

Akahamia mambo ya watu, na hapo nilimpenda, maana hakumfundisha ya Unguja ya zamani, alimfundisha ya hapa. Akamwambia mwanamume anayeuliza funguo zako ziko ngapi na nani anazo, huyo usimpikie chai. Akamwambia jioni ukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, usisimame na simu mkononi hata kama anayepiga ni mama yako. Akamwambia ukimkatalia mtu, usimwongezee sababu, maana sababu ndiyo atakayoishika akuvute nayo.

"Na chumbani kwako kiti kiwe kimoja."

"Kwa nini?"

"Ili anayekuja asimame mpaka wewe umwambie kaa."

Binti yangu akauliza, "Na kulia je? Mtu mzima akitaka kulia anafanyaje?"

"Nani kakwambia mtu mzima halii? Analia. Ila anachagua mahali. Mimi nalia nikiwa naosha nywele za mteja. Maji yanatiririka, nani atajua?"

Halafu akaomba kikombe cha maji. Hili mimi mwenyewe nilifanyiwa, nikalijua kabla hajaanza. Mwali anajaza maji mdomoni, hamezi wala hatemi. Somo anamchekesha, anamtukana, anamfinya, anamtaja mama yake vibaya. Akiyamwaga, anaanza upya. Mimi niliyamwaga mara sita.

"Nyumba ina mambo yake," somo akamwambia. "Kuna habari ukiitoa siku isiyo yake unamuua mtu. Mwanamke mzima haimwagi ovyo. Anaishika hapa," akamgusa shavu, "hata akichekwa, hata akichomwa. Haya, jaza."

Binti yangu akajaza.

"Hebu muone. Mashavu kama panya buku."

Hata tone halikumtoka.

"Na hiyo pua. Kama robot mbovu, nyekundu tangu asubuhi."

Kwa baridi ya leo kweli ilikuwa nyekundu. Mimi nilicheka, mgongo nimeugeuza.

"Mama yako naye. Zipu zake ukifunga leo, kesho unafunguliwa kwa mkasi."

Hakutikisika. Somo akamfinya mkono. Akamtekenya shingoni. Akaimba wimbo wa kumkejeli, akaumaliza, akauanza tena. Nikageuka kutazama. Somo alikuwa ameanza kuishiwa. Alirudia panya buku.

"Haya, umeshinda," akasema. "Tema."

Hakutema. Alikuwa ananitazama mimi. Macho yamejaa na mashavu yamejaa, akawa kama mtoto wa miaka mitatu aliyekataa uji. Nilikaribia kucheka tena. Nashukuru sikucheka.

Akatema kwenye beseni. Akajipangusa kwa mkono. Kiswahili anakisikia chote lakini kukisema anakisema polepole, neno moja moja, kama anayeweka vyombo kabatini. Akasema:

"Somo, hii mimi naiweza. Nimeiweza miaka minane. Sasa nataka kuacha. Jumatatu siwezi."

"Jumatatu kuna nini?" somo akauliza.

Hakumjibu yeye. "Mama, daktari hakusema mtoto atakuja."

Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria. "Alisema nini?"

"Alisema hatakuja. Ile mirija miwili. Mmoja walitoa. Wa pili waliukuta umeziba, umeharibika zamani. Alisema hutashika mimba tena. Alisema mara mbili ili nielewe. Na nilielewa, mama. Sikukosea. Nilielewa vizuri."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonipiga. Kwa ile nusu dakika nilikuwa nimeshaanza kumtafutia njia: alikuwa mdogo, hakusikia, Kiingereza cha madaktari ni kigumu. Njia hiyo akaifunga mwenyewe.

Chini karakana walikuwa wanashona. Nilisikia cherehani moja moja, nikajua hii ya nani na hii ya nani. Nikajiuliza jambo la kijinga, zile nguo juu ya kabati nilizikunja au niliziviringisha. Nililiuliza kwa bidii kabisa, kama vile nikilijua hilo mengine yatakaa sawa. Mfuniko ulikuwa unanichoma vidole na sikuuweka chini.

Somo ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa kali. "Na umemwacha mama yako anakunywa mizizi miaka yote hiyo?"

Simlaumu. Lilikuwa swali la haki.

"Si mizizi," binti yangu akasema.

"Si mizizi ni nini?"

"Nikiwa grade ya nane nilisoma kwenye simu, mizizi mingine inaharibu ini. Nikawa namwaga. Naweka rooibos. Naichemsha mpaka inakuwa nyeusi, na ganda la balungi ili iwe chungu."

Chupa ilikuwa pale pale dirishani, jua linaipiga. Ikaonekana nyekundu, rangi ya chai. Asubuhi ya leo nimekunywa kikombe kizima nikasema Bismillahi na kuuma meno. Rooibos, chai ambayo nikipewa kwa watu nakataa, nasema ina ladha ya mbao. Miaka minne. Tena nilikuwa namsifu yule bibi wa Newtown, nasema siku hizi dawa yake imenikubali, tumbo limetulia. Nimewaelekeza kwake wanawake wawili. Hilo nalo ni langu, itabidi niwaambie.

Somo alikohoa. Nikaona anazuia kicheko, kikamshinda, kikamtoka kidogo. Kisha akajifunika uso kwa kanga akalia. Sijui alimlilia nani, na sikumuuliza.

"Pilau," binti yangu akasema. Harufu ilikuwa imeshajaa chumba. Aliinuka yeye, akaniondolea mfuniko mkononi, akazima jiko, akaisogeza sufuria. Halafu akarudi kukaa kwenye mkeka, akakunja miguu vile vile alivyofundishwa. Hilo nalikumbuka kuliko mengine. Kwamba alirudi kukaa chini.

Nikamuuliza kwa nini. Sikuuliza kwa upole. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Ulikuwa unalia kabla hajasema chochote," akasema. "Na yule mama wa kitanda cha dirishani alikuwa amekufa asubuhi ile, wakavuta pazia. Nikafikiri watu wakisikia habari mbaya hospitali wanakufa. Nilikuwa kumi, mama."

"Na baadaye? Ulipokuwa kumi na mbili? Kumi na tano?"

"Baadaye ulikuwa unaniuliza tena na tena. Na nikikwambia unafurahi, unaenda kupika. Eish, mama, ningesema siku gani? Kila siku ilikuwa mbaya kuliko jana."

"Na daktari," nikasema, "daktari mzima, anamwambia mtoto mambo hayo." Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia aliye mbali.

"Aliuliza kama yuko mtu mzima wa kutafsiri. Alisema hapendi kumwambia mtoto. Nikamwambia nina miaka kumi na minne."

"Ulidanganya kwa nini?"

"Ulikuwa umenishika mkono. Ulikuwa unasema, waambie wewe ndiye mdomo wangu."

Nilisema. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nalikumbuka kama jambo zuri. Nimewasimulia watu kwa majivuno: binti yangu ana miaka kumi na anasema na madaktari. Humu jengoni sote tunafanya hivyo. Yuko jirani Mrundi, mtoto wake wa miaka saba ndiye anayemwendea kwenye madirisha ya maofisi, anainuliwa ili uso wake ufike kwenye kioo. Tunawasifu. Tunasema watoto wa huku wana akili. Hatujiulizi maneno yale yanapopita kwenye kinywa cha mtoto yanaacha nini mle ndani.

Nilikuwa namtafutia mtu wa kumwonyesha ukubwa, na ukubwa nilishampa mimi mwenyewe akiwa na miaka kumi, pembeni ya kitanda changu, nikamshika na mkono asiuangushe.

Lakini nisijipige kupita haki pia. Sikujua. Na mume wangu hakuwepo, na kutokuwepo kwake si kosa, alikuwa kazini. Daktari aliuliza swali alilopaswa kuuliza, akajibiwa na msichana mrefu. Niliyemsingizia hasa ni huyo daktari, maana miaka yote hii nimesema pale karakana kwamba alikuwa mtu mkavu, kanipasua, kasimama, kasema yake, kaondoka bila hata neno la pole. Nililisema tena leo, palepale mbele ya somo, ili angalau hilo libaki.

"Alisema pole," binti yangu akasema. "Alisema, mwambie mama yako pole sana. Alikaa kwenye kitanda kusema. Hilo nililiacha. Ningekwambia pole, ungejua."

Hapo ndipo nilipokaa. Hapakuwa na kiti karibu, nikakaa mkekani, mbele yake.

Somo akainuka, akakaza kanga zake. Nilimfungia pilau kwenye bakuli, akalichukua bila kusema imeungua. Mlangoni akamshika binti yangu kidevu. Alitaka kusema jambo la somo kwa mwali, niliona, likamkimbia. Mwishowe akasema, "Kile kiti kimoja nilichokwambia. Weka viwili. Cha pili cha mama yako." Tukasikia viatu vyake ngazini mpaka chini, na pale ghorofa ya pili vikasimama muda, kisha vikaendelea.

Tukabaki wawili. Nikamwambia, "Niambie tena alivyosema daktari."

Akanitazama kuona kama nimerukwa na akili.

"Alivyosema kweli," nikasema. "Yote. Usinipunguzie."

Akasema. Ilichukua muda, kwa sababu mengine aliyajua kwa Kiingereza tu na ikabidi ayazunguke. Alikumbuka kwamba daktari alikuwa na kalamu mbili mfukoni na moja imevuja. Alikumbuka alichora mirija nyuma ya karatasi, akaweka alama mbili za msalaba, na kwamba karatasi hiyo aliomba abaki nayo, akaila bafuni. Nikamuuliza umeila kweli? Akasema ndiyo, aliona kwenye filamu. Tukacheka, wote wawili, kicheko kibaya kilichofanana na kukohoa. Nilisikia kila kitu, na kila kitu kilikuwa kipya, na kilikuwa na miaka minane.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja. Anaendesha gari la ofisi moja kule Sandton, na Jumamosi hurudi na njaa. Nilimsimulia akiwa bado na koti. Nilijitahidi kumwambia kwa mpango kama alivyoniambia mtoto, bila kuongeza. Alisikiliza amesimama. Niliogopa atauliza kwa nini, kama nilivyouliza mimi. Hakuuliza.

"Alikuwa na miaka kumi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilirudi kesho yake. Nikamuuliza, daktari kasema nini. Akaniambia huku ananimiminia chai." Akavua koti, akalishika mkononi. "Alikuwa na miaka kumi, akanimiminia chai."

Aliitazama ile chupa dirishani, maana ndiye aliyekuwa akiniletea ile mizizi. Nikamwambia kilichomo. Akaifungua, akainusa, akanywa funda moja.

"Balungi," akasema. Akaketi.

Nilimwambia na la Jumatatu. Miadi naiacha pale pale, nitakwenda. Labda lipo la kufanyika, labda hakuna, lakini nataka kulisikia mwenyewe. Binti yangu atakaa nje kwenye benchi, hataingia. Nikikuta hospitalini yuko mtu mzima wa kutafsiri, vizuri. Asipokuwepo, ninayo sentensi yangu. Alinifundisha binti yangu wakati nakata kachumbari: kwamba Kiingereza changu ni kidogo, daktari aseme polepole, aniambie ukweli wote mimi mwenyewe. Nilirudia mara nyingi kuliko yale maji. Kila nikikosea anasema, "Tena," na hakunicheka hata mara moja, ingawa desturi ilikuwa inamruhusu.

Sijui kama yuko tayari kuondoka mwakani. Asubuhi nilijua hayuko. Sasa naona nilikuwa natazama vikombe. Na bado kuku leo alinipa mimi nimpasue, akageuza uso.

Baba yake akaenda kugonga mlango wa chumba cha ndani. Hajawahi kugonga mlango humu ndani tangu tuhamie. "Mama," akamwambia, ndivyo anavyomwita akiwa mpole, "njoo tule."

Tulikula pilau ya kuku iliyoshika chini, na kachumbari yenye pilipili, na machungwa. Ukoko nilikula mimi. Firigisi, ambayo siku zote ni ya baba, nilimwekea binti yangu kwenye sahani yake. Akaigeuza kwa kijiko, akauliza hiki ni nini. Baba yake akaitazama, akanitazama mimi, akasogeza chumvi upande wake.

"Kula," akamwambia.

Akala.